Si Mama Yako Aliyekuletea Mapunye

Mwanangu Koleta,

Begi lako liko mlangoni, na Bibi kila akipita analifungua tena kuangalia kama sweta lipo, kana kwamba Ngerengere kuna baridi kama huku kwetu mlimani. Mambo ya sweta, ya mswaki na ya kuitikia unapoitwa ameshakwambia yeye, kwa hiyo sitayarudia. Mimi nimekaa kwenye kizingiti cha jiko wakati bado kuna mwanga, nakuandikia yale ambayo sijui kuyasema kwa mdomo. Uko darasa la pili na bado unasoma kwa kufuatisha kidole, hivyo barua hii nitampa baba yako akutunzie mpaka utakapoweza kuisoma peke yako.

Nakuita mwanangu, na mimi nina miaka kumi na saba na kesho kutwa nitavaa tena sketi ya shule. Mtu wa nje anaweza kucheka. Lakini kwetu Waluguru mtoto wa dada yangu ni mtoto wangu, na mama yako Prisila alikuwa dada yangu pekee. Alipofariki, hakuna aliyenikabidhi umama. Nilikuwa nao tangu ulipozaliwa, ila sikuwa nimeutumia.

Kwa desturi hiyohiyo mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Ndiyo maana kesho baba yako akija kukuchukua, majirani watasimama milangoni kutazama. Mtoto wa kwetu kwenda kulelewa upande wa baba, wakati bibi yake yu hai, ni jambo ambalo watu huliuliza. Wataulizana, na jibu watalipata wakitazama kichwa chako.

Juzi tulipokuwa tunang'oa karoti, uliinamisha kichwa ukanionyesha pale juu ya sikio la kushoto ambapo nywele hazioti tena, ukasema, "Mamdogo, hapa ndipo Mama aliponishika. Alitaka twende wote, mimi nikakataa." Ulisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeonyesha alipoumwa na mbu. Nilitikisa udongo kwenye karoti nikang'oa nyingine. Najua nani alikwambia hivyo, na najua hakukwambia kwa ubaya. Lakini sitaki uende Ngerengere ukiamini kwamba mama yako alikukasirikia akakuharibu kichwa. Nitakueleza ilivyokuwa.

Siku ya kuanua matanga ya mama yako, padri alisali asubuhi akashuka, na mchana ndugu wote wa ukoo wakakaa uani kunyolewa. Aliyenyoa ni kaka yake Bibi, ambaye sote tunamwita Mjomba, hata wewe. Alinyoa kwa wembe mmoja. Kwetu ndivyo inavyotakiwa: waliozaliwa tumbo moja hupita chini ya wembe mmoja, na mtu akija na wembe wake wataona amejitenga na msiba. Mbele yako alikaa mtoto wa binamu yetu kutoka Kingolwira. Kichwa chake kilikuwa na mabaka meupe kama amenyunyiziwa unga, na nywele zilizokuwa kwenye mabaka hayo zilikuwa zimekatikakatika. Mjomba alimnyoa, akafuta wembe kwenye kitambaa, akasema, "Anayefuata."

Aliyefuata ulikuwa wewe.

Muhula ule tulikuwa tumesoma kuhusu fangasi. Nilijua kuchora ukungu wa mkate na kuandika majina ya sehemu zake zote bila kukosea. Nikasogea karibu na Mjomba.

"Mjomba, tungeuchemsha kwanza huo wembe."

"Unasemaje? Ongea kama mtu aliyekula."

"Wembe. Tungeuchemsha."

"Jamani, msomi wetu anataka tupike wembe," aliwaambia watu. "Sasa tutaula na nini, mama? Na ugali au na magimbi?"

Watu walicheka, hata Bibi. Ilikuwa mara ya kwanza watu kucheka pale uani tangu mazishi, na niliona aibu kuwanyang'anya kicheko kile. Nikarudi nyuma nikasimama karibu na ukuta. Mjomba akashika kidevu chako akaanza kukunyoa kuanzia juu ya sikio la kushoto.

Baka la kwanza lilitokea pale, wakati nywele zilipoanza kurudi. Lilikuwa duara, dogo kama sarafu, katikati limefifia na ukingoni limeinuka kidogo, na lilikuwa linakuwasha mpaka ukawa unajikuna usingizini. Yalikuwa mapunye, Koleta. Mapunye ni fangasi, ndugu wa ule ukungu niliouchora shuleni. Anakula ile sehemu ngumu ya ngozi na nywele, na anatambaa kutoka katikati kwenda nje. Ndiyo maana hutokea duara. Hana habari kama mtoto amefiwa au hakufiwa. Anahama kwa wembe, kwa kitana, kwa kofia, kwa mto wa kulalia, hata kwa paka. Akiwa kwenye ngozi ya mkono au ya tumbo mtu anaweza kupaka dawa akapona. Akiwa kichwani anaingia kwenye shina la unywele ambako mafuta hayafiki, na hapo mtu anameza dawa, wiki nyingi, bila kuacha.

Hayo nayajua sasa. Wakati ule Bibi alilitazama lile baka, akakaa chini, akasema taratibu, "Prisila hajaridhika." Mtu aliyezika mtoto wake anatafuta kila mahali kama mtoto huyo bado anasema kitu. Hilo sikulielewa siku ile. Niliona tu kwamba amekosea, na kwamba sina ujasiri wa kumwambia.

Shuleni wenzako hawakungoja maelezo. Mnanyolewa wote, hakuna pa kuficha kichwa. Ulifunga kitambaa, mwalimu akakuambia ukivue kwa sababu si sare, na yule kijana anayekaa nyuma yako akasema, "Jamani ramani imefika. Mwanza iko wapi hapo?" Ulirudi nyumbani ukaniuliza Mwanza ni nini.

Nilikupeleka kituo cha afya mjini. Unakumbuka tulivyovuka kijito, ukaniponyoka mkono ukateleza, ukafika kwa daktari na gauni lenye tope? Daktari yule hakutuuliza majina. Alitazama kichwa chako kwa muda mfupi kuliko mtu anavyotazama saa, akasema, "Mapunye. Ameze hivi kila siku baada ya chakula kizito, mpaka viishe. Anayefuata." Nilikuwa na maswali niliyoyaandika kwenye kiganja kwa kalamu. Nilifunga kiganja nikatoka.

Siku hiyohiyo, tukiwa bado mjini, rafiki yangu wa darasani alinipeleka kwa bwana mmoja nyuma ya soko ambaye anatibu kwa homeopathi. Nakuelezea huyu kwa kirefu kwa sababu ndipo nilipokosea, na kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Chumba chake kilikuwa kisafi. Alikuwa na chupa ndogondogo zilizopangwa kama vitabu. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia, akatupa maji ya kunywa, akakuuliza wewe jina lako. Kisha akakuuliza unaota nini. Unapenda chumvi au sukari? Unaogopa giza? Ukilia, unataka mtu akushike au akuache? Ulimjibu yote. Ulimwambia unaota Mama anapika na moto hauwaki. Koleta, tangu msiba hakuna mtu aliyekuwa amekuuliza kitu kama hicho, na mimi nikiwemo.

Akanigeukia. "Binti, ngozi ni mlango. Huyu mtoto ana huzuni, na huzuni yake imepata mlango wa kutokea. Wewe ukiufunga mlango kwa dawa kali, mgeni haondoki. Anarudi ndani, anakaa kwenye kifua. Baadaye utaona pumu utashangaa imetoka wapi."

Alinieleza kwamba kinacholeta dalili kwa mtu mwenye afya ndicho kinachoweza kumponya mgonjwa, kikitolewa kidogo sana. Kinachanganywa na maji, kisha hayo maji yanachanganywa na maji mengine, tena na tena, mpaka kile kitu chenyewe hakipo tena, ila nguvu yake imebaki. Niliuliza, kwa sauti yangu ile ya chini, kama hakipo kinaponyaje. Hakunicheka. Alisema, "Swali zuri sana," akaniazima kitabu. Mtu akitaka nimwamini, aniambie swali langu ni zuri kisha aniazime kitabu.

Nilikisoma chote. Kilikuwa kimeandikwa vizuri kuliko vitabu vyetu vya shule. Na kilinipa kitu nilichokuwa nakihitaji kuliko dawa, yaani namna ya kutobishana na mtu. Bibi alisema ni mama yako. Kitabu kilisema ni huzuni ya kumkosa mama yako. Hayo mawili yaliweza kukaa nyumba moja. Nikamweleza Bibi, akatikisa kichwa kukubali, akasema, "Umeona sasa? Hata wasomi wanajua." Jioni ile tulikula kwa amani. Vile vidonge vya kituo cha afya nikavifunga kwenye plastiki nikaviweka chini kabisa ya sanduku langu, na nikaanza kukupa punje nyeupe za bwana yule, tamu kama sukari. Ulizipenda. Ulikuwa unaziita peremende za Mamdogo.

Kwa muda ulilala vizuri. Nilisema, dawa inafanya kazi. Sasa nadhani ulilala kwa sababu mtu mmoja alikuuliza unaota nini. Lakini fangasi hakuulizwa chochote, na aliendelea na safari yake. Mabaka yakaongezeka. Kisha lile la juu ya sikio likavimba, likawa laini kama embe lililoiva kupita kiasi, likaanza kutoa usaha, na tezi za shingoni zikasimama. Ulipata homa. Nilifungua kile kitabu nikakuta kimeandikwa kwamba mgonjwa anaweza kuzidiwa kidogo kabla ya kupona, na kwamba hiyo ni dalili njema. Nilisoma ukurasa ule mara nyingi. Nilitaka sana uwe kweli.

Baba yako alikuja siku ile bila taarifa, na zawadi ya viatu. Umeshasikia watu wakisimulia alivyosema, na wengine wanaongeza. Mimi nilikuwepo. Hakupiga kelele. Alikupakata, akanusa kichwa chako, akamwambia Bibi, "Mama, mtoto ananuka na ninyi mnanitazama?" Kisha akaniuliza, "Wewe ndiye unayesoma?" Nikasema ndiyo. Hakuniuliza kingine. Alikubeba mgongoni akashuka nawe mpaka hospitali.

Huko ulipewa vidonge vilevile vilivyokuwa sandukuni mwangu, pamoja na vingine vya kutuliza uvimbe. Safari hii ulimeza mpaka vikaisha. Fangasi amekwisha, daktari amethibitisha, na mabaka mengine yote yameota nywele. Pale juu ya sikio ngozi ilibaki na kovu laini linalong'aa, na daktari alisema mizizi ya nywele za hapo imekufa. Nilipouliza kama zingeota tungewahi, alisema, "Kwa kawaida zinaota." Nakuandikia jibu lake kama alivyolitoa.

Baba yako alipomwambia Mjomba kwamba anakuchukua, nilitegemea Mjomba atakataa, maana kwa desturi yetu neno lake lingezuia. Alivuta kigoda, akakikalia, akatazama mikono yake. "Mchukue," alisema. Basi. Hajanitania tena tangu siku hiyo, wala haniiti msomi.

Nilirudi kwa yule bwana kumrudishia kitabu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilifika, nikasema shikamoo, akasema marahaba, akauliza, "Koleta anaendeleaje na ndoto zake?" Alikuwa anakumbuka hata jina lako. Nikamwambia kwa kifupi kuhusu uvimbe na hospitali. Alisikitika kweli, nilimwona usoni. Akasema, "Mngevumilia kidogo." Nikasimama pale na maneno yangu yote, nikasema asante, nikamwamkia tena shikamoo kama mjinga, nikaondoka.

Nimefikiria sana neno lile. Mngevumilia kidogo. Ungepona angesema ni punje zake, ulipozidiwa kitabu chake kilisema ni dalili njema, ulipoharibika alisema hatukuvumilia. Hakuna kitu ambacho kingetokea kichwani kwako kikamwambia yeye kwamba amekosea. Ukikua, mtu akikupa dawa, au ushauri, au maelezo ya kwa nini maisha yako yako hivi, muulize jambo moja: nikiona nini, nijue kwamba hii haifanyi kazi? Mwenye jibu la swali hilo msikilize, hata kama hakukutazama usoni. Asiye na jibu, mshukuru kwa upole wake uende. Natamani ungepata wote wawili katika mtu mmoja, anayekuuliza unaota nini na anayejua mapunye ni nini. Mimi sikukutana naye. Nilikutana nao mmoja mmoja, nikamchagua aliyenisikiliza.

Na usidhani kosa langu ni vitabu. Nitaendelea kuvisoma. Kosa langu ni kwamba nilikitumia kitabu kama pazia. Nilikuwa najua siku ya wembe. Nilijua na nikasema kwa sauti ambayo ilikuwa rahisi kuichekea, kisha nikanyamaza nikaita kunyamaza kwangu heshima. Mtu anaweza kuwaheshimu wakubwa wake na bado akasimama mbele ya wembe. Ningeweza kukuondoa pale kwenye kile kigoda nikakupeleka nyuma ya nyumba. Wangenisema wiki nzima. Basi.

Hapa nakusikia umetoka kuoga, unamwambia Bibi akupake mafuta lakini asiguse mahali pa Mama. Ndivyo unavyopaita. Najiona hapa nimekaa, nakuandikia kurasa hizi ambazo utazisoma baada ya miaka, na kesho unaondoka na jambo hilo kichwani. Nanyamaza tena, safari hii kwa kalamu. Ngoja.

Nimerudi. Mwanga umepungua, mwandiko utausamehe.

Nilichuchumaa mbele yako nikasema, "Koleta, mama yako hakukushika kichwa. Ule ulikuwa ugonjwa wa ngozi. Ulitoka kwenye wembe, na mimi nikachelewa kukupa dawa."

"Wembe wa Mjomba?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo Mama hajanikasirikia?"

"Hajakukasirikia. Hajawahi."

Ulifikiri kidogo. "Mwambie na Bibi."

Bibi alikuwa palepale, ameshika kopo la mafuta, na alikuwa amesikia kila neno. Lakini ulitaka aambiwe, na ulikuwa unanitazama. Nikageuka. "Mama," nilisema, "si Prisila. Ni wembe."

Bibi alilitazama kopo. Kisha akasema, "Wembe ule ulininyoa na mimi," si kwa kubisha, bali kama mtu anayejikumbusha. Akachovya kidole kwenye kopo akapaka lile kovu, mahali ambapo hajawahi kupagusa tangu lilipotokea, taratibu, mpaka likang'aa.

Hapo ndipo ulipolia. Bibi alidhani amekuumiza. Mimi nilielewa, lakini nilielewa nikiwa nimeshachelewa. Nilikuwa nakuondolea hofu, na papo hapo nikakunyang'anya mahali pekee ambapo mama yako alikuwa bado anakugusa.

Siwezi kukurudishia pale, kwa sababu hapakuwa pake. Ila kuna mahali pengine, na hapo ni pa kweli, nilipaona kwa macho yangu. Mlipokuwa mkivuka kijito kwenda sokoni, mama yako hakuwa anakushika kiganja, kwa sababu ulikuwa na tabia ya kuponyoka. Alikuwa anakushika kifundo cha mkono wa kulia, vidole vyake vikizunguka vikakutana, na hakuachia mpaka mfike ng'ambo. Nimekueleza hivyo sasa hivi. Ukanyoosha mkono wako wa kulia, ukautazama, ukaacha kulia.

Umelala. Bado umekishika kifundo hicho kwa mkono wa kushoto. Kesho tukishuka kumpokea baba yako tutavuka kijito kilekile, na nitakushika hapo, kama yeye, mpaka ng'ambo.

Mama yako mdogo,
Skola